Kijana Aliyetuonyesha Kona Kavu

Mke mwenzangu Nakijwa,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Mamba hatujambo. Shangazi yako anavuna tangawizi, nami bibi yako, wiki ya tatu ya ndoa, nacheka peke yangu jikoni kama msichana.

Umeuliza kama nina hakika mume wangu, Mzee Elinazi, hafuati shamba aliloniachia baba yangu. Mjukuu wangu, Elinazi ndiye aliyemuuzia baba shamba hilo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikafuatana na baba kwenda kulitazama. Mama yake alikuwa hospitali, naye Elinazi alikuwa anauza kila kitu ili amtibu, hata kitanda na masufuria. Baba alishakubali bei. Ndipo kijana yule, mzuri mpaka leo, akatuteremsha hadi kwenye masale ya mpakani.

"Baba, maji ya bwawa la ndiva hayafiki kona hii. Kiangazi ni vumbi tupu."

"Kijana, unauza au unanikataza?"

"Nauza, baba. Ila nisipokuambia mimi, mahindi yatakuambia."

Baba akapunguza bei, naye akapokea bila kunung'unika. Nilimtazama mpaka baba akanikoholea.

Baadaye yeye alioa kwake, nami nikaolewa kwangu, na babu yako alinitunza vizuri hadi alipotutoka. Sasa Elinazi amenirudia na mvi zinazompendeza. Kabla ya ndoa alinipeleka mwenyewe ofisi ya kijiji, akamwambia mwenyekiti aandike kwamba shamba ni la wajukuu wangu, yeye atalima tu.

Jina lako ndilo la kwanza. Njoo utie sahihi.

Bibi yako mwenye furaha,
Nanzia