Bolti Badala ya Pini

28 Januari 1979

Dada Leida,

Nakusalimu kabla wino haujaganda. Moyo umetulia? Miguu bado inavimba? Mimi mzima, ila mlango wa mbele umezikwa na theluji. Natokea dirisha la jikoni. Simu zimekatika, ingawa wewe na masikio yako mazito hamtazikosa.

Ile mashine kuukuu ya kurusha theluji niliyonunua vuli imekataa kuwaka. Mwenyewe wa zamani aliiacha na petroli tangu mwaka juzi, ikaganda ndani ya kabureta kama gundi. Nimeifungua juu ya meza ya kulia, nazibua vitundu vyake kwa unywele mmoja wa brashi ya waya. Kutoka banda la gari hadi barabarani ni hatua mia moja na arobaini. Nikiziondolea theluji, nitaendesha hadi stendi, nipande basi la Toronto tarehe kumi na saba Februari. Upasuaji wako wa tarehe ishirini utanikuta hapo.

Mdogo wako,
Elmar

2 Februari 1979

Mdogo wangu Elmar,

Salamu kutoka mjini, ambako theluji ni kazi ya watu wengine. Miguu imeumuka kama unga wa mkate. Nala kidogo, nalala nimekaa.

Nikwambie nisichomwambia daktari. Hilja wa kanisani alipoamka baada ya upasuaji, Kiingereza chote kilikuwa kimemtoka. Aliomba maji kutwa nzima kwa lugha yetu ya utotoni, manesi wakawa wanamtabasamia tu. Hicho ndicho ninachokiogopa, si kisu. Nataka uwe kwenye kiti kando ya kitanda.

Urho ana lori lenye jembe la theluji, na nyumba yake unaiona dirishani. Miaka sita mmenuniana kwa ajili ya uzio! Mwombe, mkaidi wee.

Dada yako,
Leida

6 Februari 1979

Dada Leida,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Pole kwa usiku wa kulala umekaa. Nitakuwa kwenye hicho kiti.

Mashine imewaka! Nilivuta kamba mara kumi na nane, ya kumi na tisa ikakohoa, ikanguruma. Tatizo ni greda la manispaa linalosukuma theluji barabarani: likipita huacha ukuta wa barafu pale njia yangu inapokutana na barabara. Panga za mashine zikigonga barafu, pini yake laini, inayolinda giaboksi, hukatika. Imekatika mara mbili. Ninazo nyingine mbili, lakini nimechoshwa na vitu dhaifu. Nimetia bolti ya chuma. Hii haikatiki.

Uzio aliuvunja Urho. Aje yeye.

Mdogo wako,
Elmar

12 Februari 1979

Dada,

Leo sikuulizi hali. Najua umelazwa.

Greda liliangusha sanduku langu la barua nami sikujua. Asubuhi, zimebaki hatua tisa, mashine ilimeza kitu kigumu kama gogo, ikalia, ikanyamaza. Lilikuwa gazeti letu la kila wiki, limeviringishwa na kuganda. Pini ingekatika, ningetia nyingine kwa dakika tano. Bolti haikukatika. Likapasuka giaboksi.

Ndani ya gazeti posta walikuwa wamekunja barua yako. Nimekausha vipande juu ya jiko: “…upasuaji wameuwahisha, ni tarehe kumi na tatu… usichelewe…”

Yaani kesho.

Nilikwenda kwa Urho, theluji kiunoni, vipande mkononi.

“Kumbe bado u hai,” akasema. “Miaka sita nangoja uje kugombana, leo unaniletea gazeti lililotafunwa?”

“Nimekuja kuomba radhi.”

“Radhi ya nini? Uzio niliuvunja mimi, mjinga wee. Kunywa kahawa. Kofia yako iko wapi?”

Hatua tisa zangu jembe lake lilizifagia kabla sijamaliza kikombe. Ila barabara kuu imefungwa. Upepo unairudisha theluji kila inapoondolewa. Tumekaa jikoni kwake, makoti mwilini, lori linanguruma nje. Greda likija kutoka mji wa huku na kugeuza, dereva atachukua barua hii hadi basi la Toronto, nasi tutamfuata nyuma akituruhusu. Saa tisa alasiri sasa. Halijaja.

Ikinitangulia, mpe nesi kikaratasi kilichomo. Nimeandika kwa herufi kubwa neno letu la maji, na chini yake la kwao.

Mdogo wako,
Elmar