Kama Uko Chumba cha Pili

Mke wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila bomba la jikoni bado linavuja vilevile ulivyoliacha. Mama mwenye nyumba aliniuliza habari zako, nikamwambia hujambo na unamsalimia. Nisamehe kwa kukusemea.

Kazini juzi tulipata kasheshe. Tovuti yetu ya tiketi iliganda, wateja wakatutukana mpaka basi. Unakumbuka nilivyokueleza? Programu yetu ikitaka kujua bei, inaiita kompyuta iliyo mbali huko, lakini inaiita kama vile iko chumba cha pili. Sasa kumbe ile ya mbali ilikuwa imezimwa, na yetu haikuwekewa kikomo cha kusubiri. Ikaita, ikatulia kungoja jibu, na wateja wote wakakwama nyuma yake.

Bosi akanijia juu: "Hivi wewe, mwenzako hayupo, unasubiri nini?"

Ofisi nzima ikageuka kunitazama. Wanajua kuwa simu zangu hupokei. Bosi mwenyewe akashtuka, akashusha sauti: "Nazungumzia kompyuta, ndugu yangu."

Basi nikaweka kikomo. Sasa jibu likichelewa, programu inakata na kumwambia mteja ukweli. Kazi yenyewe ndogo tu, niliimaliza kabla chai haijapoa.

Leo asubuhi nilipomaliza kuoga nilikuita uniletee taulo. Nikasimama pale mlangoni, maji yakinichuruzika, hadi nikakauka.

Mimi mumeo.