Nyota wa Radi ya Boito Aliyezikwa Mara Mbili

Kiptoo,

Jumamosi niliitwa kwenu Boito nikakufute. Nisamehe kuanza bila salamu, lakini hata wewe hukuwa mtu wa salamu. Ulikuwa unaingia studio ya picha ya bosi wangu pale Silibwet na kuanza hadithi katikati, mimi nibaki kukuuliza mwanzo wake uko wapi. Leo ni zamu yangu.

Tangu tukuzike, watu wameacha kulizungumzia lile lori. Lilijaa majani mabichi ya chai, barabara ilikuwa matope matupu, likateleza na wewe umedandia nyuma. Hayo hata mtoto anayajua. Lakini huwezi kulikasirikia lori kwa muda mrefu, kwa hiyo wakaanza kuizungumzia filamu yetu. Pale kwenye kituo cha kununulia majani wakawa wanasema, "Huyo kijana alijilaza kwa sanduku ya maiti na yeye ni mzima. Aliita kifo na mdomo yake." Kisha wakaulizana ni nani aliyeshika kamera. "Si ni ule msichana wa Odhiambo wa factory? Na unajua hao watu wa ziwa."

Hilo la mwisho niliambiwa na binamu yako Kibet, akiwa anatazama viatu vyake.

Unajua miaka hii ilivyo. Baba yangu ni Mjaluo, lakini amekausha chai kiwandani hapa tangu kabla sijazaliwa, hata Kipsigis chake ni kizuri kuliko Kiswahili chake. Lakini tangu nyumba za watu wa makabila mengine zilipochomwa kule Londiani, mama huweka mfuko wa nguo karibu na mlango, na hakuna anayemuuliza wa nini. Sasa binti yake ndiye anayesemwa kwamba alimpiga picha mtoto wa watu akiwa ndani ya jeneza, na mtoto mwenyewe akafa. Kibet aliponiletea ujumbe wa mzee wako kwamba kaseti ipelekwe ikachomwe mbele yake, baba aliniambia nisiende peke yangu. Nikaenda peke yangu. Nilitaka nionekane siogopi, na Mungu anajua nilikuwa naogopa.

Nilikukasirikia njia nzima, Kiptoo. Nilikukasirikia kwa sababu wazo lilikuwa lako.

Unakumbuka ile siku kwenye nyumba ya video, ile kaseti ya Wazungu wenye nywele ndefu na magitaa ya umeme? Mwenye video alitutangazia kwamba ni maisha ya kweli ya bendi kubwa huko ng'ambo, na watu wakaketi wametulia kama wako ibadani. Wale Wazungu wakahojiwa kwa heshima zote huku kila kitu kinawaharibikia. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja aliyekuwa mbele yetu alisema hao vijana waombewe. Wewe peke yako ulicheka mpaka ukatolewa nje, nami nikatoka nyuma yako nikiona aibu. Pale nje ukaniambia, "Adhi, hao ni waigizaji. Wanaongea upuzi na uso ya kanisa. Hiyo tunaweza kufanya hata sisi."

Na tukafanya, kwa kamera ya harusi ya bosi wangu, siku ambazo hakukuwa na harusi.

Nikisema ulikuwa mwimbaji mbaya, nadhani huko uliko hutabisha. Gitaa moja la mbao, mitungi ya maziwa ndiyo ngoma, nywele za katani vichwani mwenu wewe na wenzako, na jina lililowazidi uzito: Radi ya Boito. Mimi nilikuwa mtangazaji, nikiuliza maswali kwa sauti ya redioni. Foleni ya wakulima wakisubiri kupimiwa majani tuliipiga picha kwa mbali, nikasema hao ni mashabiki waliofika kabla ya jua kuchomoza. Walikuwa kweli wamefika kabla ya jua kuchomoza. Londiani tukaifanya Ulaya, kwa ajili ya ukungu na ile misitu ya miti mirefu. Ukasimama katikati ya mashamba ya viazi na koti la marehemu babu yako, meno yakigongana, ukasema, "Hapa Ujerumani baridi ni kali, lakini watu wanatupenda." Nyuma yako kulikuwa na ng'ombe mmoja tu.

Halafu ukaleta habari ya kifo. Meneja wa bendi, yaani Kibet, awatangazie watu kwamba nyota amefariki, ili kaseti zinunuliwe. Nilikukataza. Nilikuambia kwenu mambo hayo hayachezewi, na kwetu pia hayachezewi. Mtu mzima hatamki kifo chake hovyo, sembuse kukilalia. Ukacheka na kusema, "Adhi, kifo hana video." Ukatengeneza jeneza kwa mbao nyepesi za masanduku ya kupakia chai, ubavuni bado limepigwa mihuri ya kiwanda. Tukalibeba mpaka shamba lenu la chini, kule mzee asikoweza kuona.

Basi ndiyo hiyo kaseti niliyokuwa nayo Jumamosi, ndani ya mfuko wa kamera begani.

Walikuwa sebuleni: mzee wako, mama yako, baba yako mdogo na Kibet. Kibet alikuwa amevaa koti lako la kahawia. Nilijua nguo zingegawanywa, lakini nilipoliona mlangoni moyo uliruka kama nimekuona. Mama yako aliniletea chai na kunishika mkono, akachelewa kuuachilia. Baba yako mdogo hakunisalimia. Televisheni ilikuwa imetolewa chumbani na kuunganishwa na betri ya gari.

Mama yako ndiye aliyekuwa amekuombea. Alimwambia mzee kaseti isichomwe yote, kifutwe kile kipande cha jeneza tu, vingine abaki navyo ili asikie sauti yako. Mzee alikubali kwa masharti. Ifutwe pale pale, mbele ya watu, ili pasiwe na maneno baadaye. Akaniuliza jinsi ya kufuta. Nikamweleza kwamba naifunika lenzi, nabonyeza kitufe hiki chekundu, na giza linarekodiwa juu ya picha. Lakini lazima kwanza nicheze mkanda nipatafute mahali penyewe.

Akageuza kiti chake, akakaa ametupa mgongo. Akasema, "Mimi siangalii hiyo kitu. Ikiisha, mtaniambia."

Unajua hajawahi kuingia kwenye nyumba ya video hata siku moja. Anaiita nyumba ya giza.

Nikaiunganisha kamera na televisheni, nikacheza. Foleni ikaja, sauti yangu ya redioni ikaja, na nikaona aibu kusikia nilivyokuwa nafurahi. Ikaja ile ya mama yako akiwa ameshika kibuyu cha mursik, yale maziwa yenu ya mgando, nami namuuliza kama aligundua mapema kipaji cha mwanawe. "Huyu? Huyu hata kanisani walimwambia anyamaze." Mama yako akacheka kidogo na leso mdomoni, akamtazama mzee, akanyamaza. Mgongo wa mzee haukusogea. Ikaja Ulaya. Ikaja Ujerumani na ng'ombe wake. Taa ndogo ya betri ya kamera ilikuwa imeanza kumetameta, ishara kwamba inaisha.

Kisha majani ya chai, na lile sanduku limelazwa katikati ya mistari.

"Ni hapo," akasema baba yako mdogo. "Si ni hapo? Futa."

Nikaifunika lenzi. Nikasimamisha mkanda. Kidole kikawa juu ya kile chekundu, na nakuambia ukweli, Kiptoo, hakikutaka kwenda. Mimi nilijua kinachofuata. Niliutazama mkanda ule mara nyingi kuliko mtu yeyote. Ningeweza kusema, "Mzee, subiri kidogo, kuna kitu hapa." Lakini ningeonekana natetea uchawi wangu, na Kibet alikuwa ameniambia yanayosemwa. Baba yako mdogo akasimama. Akasema kwa Kipsigis, akidhani sielewi, kwamba huyu msichana anatupotezea wakati.

Nikabonyeza. Si kile chekundu, kile cha kucheza.

Wasichana wa kwaya tuliowaalika kuigiza waombolezaji wakaanza wimbo wao. Kibet wa kwenye televisheni akalia machozi ya kitunguu, na Kibet wa sebuleni akainamisha kichwa ndani ya koti lako. Baba yako mdogo akaja kunishika mkono. Ndipo sauti ikatoka ndani ya ile televisheni, sauti ya mbali, kutoka juu ya shamba, inaita kwa Kipsigis jinsi inavyoita siku zote. Kiptoo! We Kiptoo! Ng'ombe hawajanyweshwa maji!

Mzee wako akainuka kitini kabla hajageuka.

Na ule mfuniko ukafunguka. Ukakaa wima, nywele za katani zimeangukia sikio moja, na hukutukumbuka sisi wala filamu. Ukaitikia, "Nakuja, Baba," vile ulivyomwitikia tangu utoto. Ukaruka kutoka kwenye sanduku ukapanda shamba mbio, suti yako ya maziko ikikwama kwenye chai. Kwaya ikaanguka kwa kicheko. Mimi sikuzima kamera kwa sababu nilikuwa nacheka pia, na kicheko changu kikajaa sebule yenu ya msiba. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee alikuwa amegeuka. Kwenye televisheni lilikuwa limebaki sanduku wazi, halina mtu.

Akalitazama.  Baba yako mdogo aliuachilia mkono wangu.

"Hiyo ni sauti yangu," mzee akasema.

Mama yako akamwambia ndiyo, ni yako.

"Nilimwita, akatoka."

 Sisi sote tulikuwa kaburini siku ya maziko yako. Sote tulimsikia akikuita udongo ulipoanza kuingia, akaita na kuita mpaka mchungaji akamshika bega. Ile siku hukuitika.

Akakigeuza kiti chake, akaketi ameielekea televisheni, magoti karibu yaguse kioo. Akasema, "Rudisha."

Baba yako mdogo akamkumbusha kwamba tulikubaliana. Mzee hakumtazama. "Nimesema rudisha."

Nikarudisha. Ukaitwa, ukatoka. Nikarudisha tena. Mara hii alitikisa midomo pamoja na sauti yake, kama mtu anayefuatisha sala. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Mara ya mwisho, ulipokwama kwenye chai, alicheka. Kicheko kibovu chenye kikohozi, lakini kilikuwa kicheko, na mama yako akaweka leso chini akacheka naye. Nami nikalia, Kiptoo, nililia kuliko siku ya maziko, kwa sababu siku ile nilikuwa mgeni miongoni mwa waombolezaji na nilijizuia. Kisha betri ya kamera ikafa, nawe ukafa nayo, na hilo pia lilibidi tulivumilie.

Mzee akanigeukia. Akaniuliza, "Mtoto wangu, hii kitu, mtu anaweza kuifuta kwa makosa?"

Nikamwambia anaweza.

"Hata mtoto akichezea?"

Hata mtoto. Nikamwonyesha kile kipande kidogo cha plastiki mgongoni mwa kaseti, nikamweleza kwamba kikivunjwa, mashine inakataa kurekodi chochote juu yake. Akakichunguza. Akatoka nje akarudi na kisu chake cha kupogolea chai. Akakikongoa kile kipande taratibu, asikwaruze kaseti, akakitia kwenye mfuko wa shati. Akanirudishia kaseti.

"Kaa nayo wewe," akasema. "Hapa hakuna stima."

Kisha akabeba mfuko wa kamera mwenyewe. Nilijaribu kumpokea akakataa. Akanisindikiza mpaka barabarani, na hakupita njia ya mkato. Alipitia kituo cha majani, wakati watu wamejaa na vikapu vyao, akatembea polepole kama anayetafuta kitu alichoangusha. Kila aliyemsalimu alimwitikia kisha akasema, "Namsindikiza huyu msichana wa Odhiambo. Ni rafiki ya Kiptoo." Alisema hivyo kwa kila mmoja, hata kwa wale waliokuwa wameshasikia. Jioni nilipomsimulia mama yangu, aliuangalia ule mfuko wa nguo mlangoni. Hajauondoa bado, lakini ameusogeza nyuma ya kabati.

Sasa nikuage. Nimemwomba bosi wangu anisaidie kutoa nakala, na mwenye nyumba ya video amekubali kutuachia ukumbi siku ya soko. Nakuahidi sitamwambia mtu kwamba Radi ya Boito haikuwahi kuwako. Wakiuliza mlipiga lini Ujerumani, nitawajibu kwa uso wa kanisa kama ulivyonifundisha. Sitakata kitu hata kimoja. Mzee wako ametuma neno kwamba ataingia kwenye nyumba ya giza siku hiyo, awekewe nafasi mbele.

Kwaheri, Kiptoo: kwa lugha ya kwenu, saisere, na kwa lugha ya kwetu, oriti. Lala salama. Ila siku ya soko mzee atakuita tena kutoka juu ya shamba, mbele ya watu wote. Usichelewe kumwitikia.

Adhiambo