Taa Inayotetemeka na Mkwe Anayeningoja

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika. Naitwa Kavoi, mtu wa Kitui, naishi Kawangware, na shule niliacha darasa la sita. Kazi yangu ya mjengo ni kuchonga kuta ili fundi wa stima apitishe waya, lakini nyumbani nilisema fundi ni mimi, nilisema mara moja tu kwa simu, na miaka minne imepita bila mtu kuuliza. Mwezi huu mke wangu Mutanu alikuja kunitembelea, nami nilikuwa nimepewa swichi ya kuzungusha, ile ya kupunguza mwanga, tuliyoitoa kwenye nyumba ya zamani Lavington, nikaifunga chumbani ili aone mumewe ni nani, na taa ya LED ikaanza kutetemeka na kulia kama mbu. Nimebadilisha balbu tatu. Nikamwambia taa za Nairobi ndivyo zilivyo. Akauliza, "Na ya jirani mbona imetulia?" Nikasema jirani hajafikia taa kama hii. Basi akampigia babake simu kunisifu, na mzee, aliyeletewa stima majuzi, akasema, "Mwanangu, sitafuti fundi mwingine, njoo Jumamosi uniwekee waya nyumba nzima, na hiyo ya kuzungusha iwe sebuleni." Nikienda nitaaibika, nisipoenda nimemdharau. Nimechoka. Nifanyeje?

Kavoi,

Pole kwa uchovu. Kwa uongo sikupi pole.

Taa ndiyo rahisi. Swichi yako ilitengenezewa balbu za zamani, zile za moto, zinazokula umeme mwingi. Balbu ya LED, ya wati tisa hivi, ni ndogo mno kwake. Tena si kila LED hukubali kupunguzwa mwanga. Soma boksi: kama halikuandikwa dimmable, hata ukibadilisha mia zitatetemeka. Anayetaka taa ya hivyo hununua swichi ya LED na balbu zinazoelewana nayo, huhakikisha wati za balbu zote ziko ndani ya kipimo kilichoandikwa kwenye swichi, kisha humwachia aliyesomea. Mwombe fundi wa stima wa hapo mjengoni akurudishie swichi ya kawaida. Wewe usiiguse; umeigusa vya kutosha.

Sasa mzee. Taa ikitetemeka kwako ni kero. Waya ukifungwa vibaya kwake ni moto, na wewe utakuwa umelala Kawangware. Usiniambie umewaona mafundi wakifunga. Hata mimi nimemwona daktari akishona mtu, na hujaniletea kidonda.

Jumamosi nenda, lakini uende na fundi mwenye leseni. Kabla ya hapo mpigie mzee simu, useme hivi: "Baba, mimi huchonga kuta tu." Usiongeze neno. Pengine atacheka, utavumilia.

Ila Mutanu aambiwe kwanza, leo, na wewe mwenyewe. Akiisikia kwa babake, taa haitakuwa tena shida yako kubwa.