Kiungo Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 5 Machi 2018
Pap! Mlio mdogo, kama chawa aliyepasuliwa kwa kucha. Mpaka sasa ninao sikioni. Hapa yadini Kaka Togar alikuwa akichomelea kiungo namba 17 cha mabomba ya mvuke tunayokitengenezea kiwanda cha mawese, na sindano ya tangsteni ya mashine yake ikagusa chuma kilichoyeyuka. Ukigusa, kipande chake hubaki ndani ya mshono: unasimama, unasaga, unaanza upya. Hakusimama! Nilipomuuliza, hata hakuvua kofia ya uso. "Dada, meli ya kuyabeba inaondoka Jumamosi, wewe kagua, mimi nichome." Wenzake wakacheka.
Sawa. Eksirei itasema. Kipande cha tangsteni hakijifichi — huonekana kama nukta nyeupe kwenye filamu.

Jumatano, 7 Machi 2018
Filamu zimekuja. Namba 17: safi. Safi mno! Nikadhani masikio yangu yamenidanganya.
Nikazirudia zote kwenye taa. Kando ya mshono wa 17 kuna mkwaruzo wenye umbo la ndoana. Kando ya 9 pia. Na 14. Nikalaza filamu moja juu ya nyingine — zikafunikana sawasawa. Wamepiga picha kiungo kimoja, wakabadilisha vibao vya namba tu!
Nikampelekea Bwana Lukito, mkuu wetu wa ukaguzi. Alikuwa akila ndizi za kukaanga. Akaishika filamu kwa vidole vilivyojaa mafuta.
"Kumbe hawajakutambulisha kwa bibi harusi?"
Ndivyo wanavyokiita kile kiungo kizuri kupita vyote. Kila kazi ina bibi harusi wake, anapigwa picha kwa niaba ya wenzake wabaya. Yadi nzima inajua, ila mimi.
"Na bomba likipasuka?"
"Likipasuka, binti yangu, utakuwa umeshaolewa, umeshaondoka Batam." Akachokonoa jino. "Ijumaa asubuhi nataka muhuri wako. Hapa si chuoni."
Nimenawa mikono mara mbili. Ndizi zake sikuzigusa.

Alhamisi, 8 Machi 2018
Muhuri una namba yangu, si ya Lukito. Na wapo watu watakaofanya kazi chini ya mvuke ule kila siku.
Kinachonichefua zaidi ni mimi. Jana, kwa dakika nzima, niliutazama mshono wa bibi harusi na kuusifu. Nikaona kugonga muhuri ni jambo jepesi.
Jioni Togar alinifuata kantini. "Kiungo kimoja kikifeli, wananinyang'anya cheti, dada." Nikamwuliza kama alijua kuwa sindano imegusa.
"Mkono wangu ulijua."
Akaondoka, wali wake akauacha.

Ijumaa, 9 Machi 2018
Nimekikata.
Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kengele, kwa grinda, ile mashine ya kukatia chuma, mimi mwenyewe. Dakika nne! Nikageuza kipande. Ndani kumeungua, kweusi, magamba matupu, kama sukari iliyogandia sufuriani. Hata gesi ya kulinda mshono kwa ndani hawakupitisha! Nikatema mate.
Kwenye daftari la kazi nimeandika: 17 kimekatwa na mimi, bila kuagizwa na mtu. Jina. Namba. Togar sikumtaja.
Kipande kipo mezani kwa Lukito, juu ya filamu zake. Sasa namsikia ngazini, anapiga mluzi, anauliza watu muhuri uko wapi. Hajui kwamba nimeshampigia simu mkaguzi wa kiwanda cha mawese. Yumo kwenye boti ya saa mbili, na nimemwambia alete grinda yake.