Ndoo Asiyoruhusiwa Kuigusa

Newala, Jumatano, msimu wa korosho

Na mimi mwanaume mzima leo nimebeba maji kichwani. Wanawake kisimani wakanipokea.

"Shikamoo Baba Zuhura. Umeolewa lini?"

"Marahaba. Wiki iliyopita, na mume wangu mkali."

Daktari alimpandishia mke wangu kizazi kilichoshuka, akipitia vitundu vidogo tumboni. Akatuonya kwamba ndani bado hakujashikana; akibeba mzigo kabla ya wiki sita, kitashuka tena. Mama Zuhura anaona vitundu tu, anajiona amepona. Asubuhi nilimkuta ameshaishika ndoo.

Sasa amelala. Koroboi inayumba, chumba kinaelea, naelea nacho kama nimekunywa pombe ya uraka. Naogopa ataniwahi alfajiri.

Ndoo nimeifunga mguuni kwangu kwa kamba.