Kata ya Bakari

Mjukuu wangu Mwanasha,

Hapa Msambweni sote tu wazima, alhamdulillahi. Shangazi yako amehamia Ukunda, na yule mbuzi wako amezaa pacha.

Umeniuliza kama ukifiche kishikwambi, ili mwanao alazimike kusema badala ya kubonyeza picha ya anachokitaka.

Mdogo wangu Bakari naye hakusema. Akiona kiu, aliniletea kata ya kifuu iliyokuwa juu ya mtungi. Siku moja nikaificha. "Sema maji," nikamwambia. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Mama alirudi kutoka shamba alasiri akamkuta midomo imemkauka.

"Kwani kukuletea kata si kusema?" akaniuliza.

Tangu siku hiyo Bakari kata alikuwa akimpelekea Mama. Mie nilingoja miezi, hadi asubuhi moja aliponiwekea mapajani. Sijapata kuteka maji kwa furaha kama ile.

Vile virutubisho ulivyonitajia mpe mwanao kama daktari alivyoelekeza, ila usivitazamie vimtoe maneno. Kishikwambi kiweke anapokifikia. Na mkija Idi, mwache anionyeshe mwenyewe picha ya maji. Nitamtekea.

Bibi yako